Sista yuko kwenye kompyuta, mgonjwa anasubiri: kumbukumbu za kielektroniki zimetusaidia au zimetuelemea?

#1 Sista_wa_Usiku

Habari wakuu. Nina jambo nataka lijadiliwe, hasa na wauguzi wenzangu, madaktari na wale wanaotengeneza mifumo ya hospitali.

Nafanya kazi wadi ya upasuaji. Tulipoletewa mfumo wa kompyuta tuliambiwa mambo matatu: karatasi zitaisha, maandishi yasiyosomeka yataisha, na muda utakaookolewa utarudi kwa mgonjwa. Mawili ya kwanza yametimia kwa kiasi. La tatu limekwenda kinyume kabisa.

Chukueni mgonjwa mmoja tu anayepokelewa wadini. Kabla sijamaliza kumpokea natakiwa nijaze mzio, dawa anazotumia nyumbani, hatari ya kuanguka, hatari ya vidonda vya mgandamizo (kipimo cha Braden peke yake kina vipengele 6), maumivu, lishe, hali ya ngozi, mali alizokuja nazo, nani apigiwe simu, ameelezwa haki zake au hajaelezwa. Kila kisanduku kina nyota nyekundu, na usipokijaza ukurasa haufungi. Mgonjwa yuko mbele yangu anatetemeka, nami namuuliza kama ana meno ya bandia kwa sababu kompyuta imekataa kusonga mbele.

Dai langu ni hili: sehemu kubwa ya tunachojaza haimsaidii mgonjwa wala muuguzi wa zamu inayofuata. Inawasaidia watu wasiokanyaga wadini: wahasibu, bima, wakaguzi, wanasheria. Anayepinga aje na hoja.

#2 Chausiku88

Nimekaa mstari wa mbele. Ngoja waje wenye fani zao.

#3 Metroni_Mstaafu

Mwanangu Sista, shikamoo sijaisikia lakini marahaba.

Nakupinga, tena kwa uchungu, kwa sababu nimeishi enzi za karatasi na nyie vijana mnazisifia bila kuzijua. Faili la mgonjwa lilikuwa moja tu. Likiwa eksirei, wadi haina. Likiwa kwa daktari, famasia haina. Mgonjwa akirudi baada ya mwaka tunaanza upya kama vile hajawahi kulazwa.

Na mwandiko! Daktari anaandika insulini "10U" kwa haraka, herufi U inaonekana kama sifuri, mtu anasoma 100. Hilo lilitokea mara nyingi duniani hadi Joint Commission, taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, mwaka 2004 ikaiweka U kwenye orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku. Kwenye orodha hiyohiyo waliweka pia ile sifuri inayoandikwa baada ya nukta, kwa sababu 5.0 ikifutika nukta inakuwa 50. Kompyuta imeziba tundu hilo.

Tena kuandika si jambo walilotuletea wahasibu. Florence Nightingale mwenyewe mwaka 1863 alilalamika kwamba kila alipotafuta kumbukumbu za hospitali zinazoweza kulinganishwa hakuzipata. Uuguzi wa kisasa umezaliwa pamoja na takwimu. Usimtenge muuguzi na kalamu yake.

#4 Takwimu_Kwanza

Metroni heshima yako, ila ngoja tuweke namba. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia muda wa wauguzi katika hospitali 36 za Marekani. Kuandika kumbukumbu kulichukua asilimia 35.3 ya muda wao wa kazi. Shughuli za kumhudumia mgonjwa zikapata asilimia 19.3. Yaani kuandika kunakaribia maradufu ya kuuguza! Hapo kompyuta inajiteteaje?

#5 Fundi_Mifumo

@Takwimu_Kwanza namba zako ni sahihi, hitimisho ndilo lina kasoro. Angalia mwaka. Wakati huo hospitali nyingi za Marekani zilikuwa bado kwenye karatasi. Zilizokuwa na angalau mfumo wa msingi wa kielektroniki hazikufika hata moja katika kumi. Mafuriko ya kompyuta yalikuja baada ya sheria ya HITECH ya 2009, serikali ilipoanza kuzilipa hospitali zinazotumia mifumo na baadaye kuzikata zisizotumia. Kufikia 2015 zaidi ya asilimia 80 walikuwa nayo.

Kwa hiyo utafiti wako unaonyesha kwamba mzigo ulikuwapo kabla ya sisi mafundi kufika. Tusisingiziwe yote.

Mimi natengeneza mifumo hii, niwaambie kinachotokea nyuma ya pazia. Kila kisanduku kina mwenyewe. Mgonjwa akianguka wadini, kamati inakaa, inaamua: ongezeni kisanduku cha hatari ya kuanguka. Bima ikikataa kulipa kidonda kwa sababu hakikuandikwa siku ya kulazwa, uongozi unakuja: ongezeni kisanduku cha ngozi. Mkaguzi akija na mwongozo mpya: ongezeni. Nimepokea maombi mengi sana ya kuongeza. Ombi la kuondoa ni la nadra, na likija linazunguka kwenye vikao mpaka linakufa, kwa sababu hakuna anayetaka saini yake ionekane kwenye kuondoa kitu halafu kesho yake litokee tatizo. Kwenye karatasi, ukurasa ukijaa basi umejaa. Kwenye kompyuta ukurasa hauna mwisho.

#6 Sista_wa_Usiku

Metroni shikamoo, samahani mama.

@Fundi_Mifumo aya yako ya mwisho ndiyo hasa ninayoililia. Lakini usijitoe haraka. Kuna vitu ambavyo ni vya utengenezaji, si vya kamati. Chati ya joto, mapigo na presha ilikuwa inaning'inia miguuni pa kitanda. Nikipita tu naona mstari unapanda. Daktari akipita anauona. Hata mgonjwa anauona. Leo namba hizo zimefungiwa kwenye kurasa tofauti, presha huku, oksijeni kule, na mchoro uko nyuma ya vibonyezo vitatu. Napima kitandani, naandika kiganjani au kwenye kipande cha karatasi kwa sababu kompyuta iko kwenye kituo cha wauguzi, halafu nakuja kuingiza baadaye wagonjwa wote kwa mkupuo. Muda unaoonekana kwenye mfumo ni muda wa kuingiza. Muda wa kupima haupo popote. Mgonjwa akibadilika katikati, mfumo unaonyesha yuko salama.

#7 Bonde_la_Mto

@Sista hapo umegusa penyewe. Wadi yetu ina kompyuta chache kuliko wauguzi wa zamu, na madaktari wakija raundi wanazikalia zote. Tunapanga foleni ya kuandika. Na bado daftari la wadi lipo, la makabidhiano lipo, fomu ya mwezi ya idadi ya wagonjwa ipo. Mgonjwa mmoja anaandikwa mara tatu au nne. Wenzetu wanajadili kama kompyuta ni bora kuliko karatasi, sisi tunabeba vyote viwili.

#8 Mama_Wawili

Mimi si mtu wa hospitali, nimeuguza tu. Naomba niseme upande wa kitandani.

Mama yangu alilazwa baada ya kuvunjika nyonga. Sista aliyempokea alikuwa mpole, maswali alikuwa anauliza vizuri, lakini macho yalikuwa kwenye skrini muda wote. Mama alipoulizwa kama ana maumivu akasema kidogo. Mimi namjua mama yangu, "kidogo" yake akiwa amekunja uso hivyo ina maana anaumia sana. Sista hakuuona uso. Aliandika namba ndogo akaendelea na swali linalofuata. Ilibidi niingilie kati.

Simlaumu yule dada. Nilikuwa naona jinsi anavyohangaika na ile mashine. Nasema tu kwamba kuna majibu ambayo mgonjwa hayatoi kwa mdomo.

#9 Dk_Mlimani

Pole Mama Wawili.

Naona wote mnapigania kompyuta na karatasi, tatizo kubwa mmeliruka: idadi ya wauguzi. Muuguzi mwenye wagonjwa wanne akijaza fomu ndefu anapata muda wa kukaa na mgonjwa. Mwenye wagonjwa ishirini, hata ukimpa mfumo bora kuliko yote duniani, hatoshi. California waliweka kisheria uwiano wa wauguzi na wagonjwa kuanzia 2004, na kwenye wadi za kawaida za magonjwa na upasuaji muuguzi mmoja hatakiwi kuzidi wagonjwa watano. Uongozi unapenda sana mjadala wa kompyuta kwa sababu unaahirisha mjadala wa ajira.

#10 Sindano_Salama

Dokta karibu jukwaani, leo umekuja mapema kuliko unavyokuja wadini 😄

Ila kwa heshima, nawe unahusika. Zamani nilikuwa naletewa agizo la dawa limeandikwa. Siku hizi daktari anapiga simu au anasema kwa mdomo akiwa anatembea, "sista niwekee kwenye mfumo". Narudi kuingiza agizo lake, nambembeleza alithibitishe, halafu ndio niingize la kwangu. Kuna kazi zimehama kutoka kwa daktari kuja kwa muuguzi kimyakimya, na mfumo ndio mlango zilikopitia.

Hata hivyo Dokta kwenye suala la idadi yuko sahihi nusu. California wenye uwiano huo nao wanalalamikia kuandika.

#11 Dk_Mlimani

@Sindano_Salama nimepokea. Lakini naye daktari anazama kulekule. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa madaktari wa kliniki Marekani: kwa kila saa moja ya kuonana ana kwa ana na mgonjwa, karibu saa mbili ziliishia kwenye kompyuta na makaratasi ya mezani. Mtu anayezama anamshika aliye karibu. Sihalalishi, naeleza chanzo.

#12 Mfamasia_Makini

Nimesoma kimya, ila naona mfumo unahukumiwa bila mtetezi zaidi ya Metroni. Tuzungumzie dawa, maana huko ndiko mgonjwa anakofa bila kelele.

Kuna utaratibu wa kuskani: mgonjwa anavaa mkanda mkononi wenye msimbo wa mistari, dawa ina msimbo wake, muuguzi anaskani vyote viwili kabla ya kutoa. Hospitali ya Brigham and Women's ya Boston walipima hili, matokeo yakachapishwa 2010. Makosa ya kutoa dawa yasiyohusu muda yalipungua kwa asilimia 41. Makosa ya kunakili agizo kutoka kwenye karatasi yalikwisha kabisa. Hao ni wagonjwa halisi ambao hawakupewa dawa ya jirani yao.

Ndiyo, inachukua sekunde kadhaa zaidi kwa kila kidonge. Sekunde hizo zina faida. Tofautisheni kazi ya kompyuta inayomlinda mgonjwa na ile ya kujaza fomu tu. Mkizichanganya mtadai ziondolewe zote.

#13 Bonde_la_Mto

@Mfamasia_Makini kuskani ni kuzuri pale kunapofanya kazi. Kuna utafiti wa 2008 uliochunguza vifaa hivyohivyo katika hospitali kadhaa. Walikuta njia 15 ambazo wauguzi wanazitumia kuukwepa mfumo, na sababu 31 za kuukwepa. Betri imekufa katikati ya kazi, mtandao haushiki chumba cha mwisho, msimbo umekunjamana au umelowa, mkanda wa mgonjwa haupo, dawa imetoka famasia haina msimbo. Kwa hiyo muuguzi anachapisha mikanda ya ziada ya wagonjwa, anaibandika kwingine, anaskani yote mezani kwake. Kwenye ripoti kila kitu kijani. Kitandani hakuna kilichohakikiwa.

Na kabla hujawalaumu, kumbuka huyo muuguzi ana mgonjwa analia maumivu na kifaa kinachosema "haitambuliki".

#14 Chausiku88

Mfamasia jibu hilo, usikimbie uzi.

#15 Mfamasia_Makini

Sikimbii. Utafiti wa Bonde naujua na naukubali. Sababu nyingi kati ya hizo 31 zinatibika: betri, mtandao, msimbo kuchapishwa vizuri. Ni za kununua na kutunza vifaa. Hazisemi kwamba wazo ni baya.

Na kama dawa imetoka kwetu famasia bila msimbo, hilo ni la kwetu. Mtuambie.

#16 Ukweli_Mchungu

Nyie mnapiga siasa. Kompyuta zinaua. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh iliweka mfumo wa madaktari kuagiza dawa kwa kompyuta, vifo vya watoto waliohamishiwa pale vikapanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Ilichapishwa 2005. Kesi imefungwa.

#17 Takwimu_Kwanza

@Ukweli_Mchungu haijafungwa. Hospitali ya watoto ya Seattle waliweka programu ileile na vifo havikupanda. Stanford nao mwaka 2010 walichapisha matokeo ya hospitali yao ya watoto: baada ya kuweka mfumo wa kuagiza kwa kompyuta, vifo vilishuka kwa takriban asilimia 20.

Ukisoma kilichotokea Pittsburgh ndipo unaelewa. Mfumo ulisambazwa hospitali nzima ndani ya siku chache. Kabla ya hapo, mtoto mahututi akiwa bado njiani, maagizo ya dawa yalikuwa yanaandaliwa. Baada ya mfumo, haikuwezekana kuagiza chochote mpaka mtoto afike na asajiliwe. Dawa zilizokuwa zinakaa ICU zikahamishiwa famasia kuu. Na watu waliokuwa wawili kitandani, mmoja akawa kwenye kompyuta. Programu ni moja, hospitali mbalimbali, matokeo tofauti.

#18 Ukweli_Mchungu

Sawa, maelezo nimeyasoma. Lakini hebu soma tena sentensi yako: "watu waliokuwa wawili kitandani, mmoja akawa kwenye kompyuta". Hilo ndilo Sista ameanzia nalo uzi.

#19 Metroni_Mstaafu

Hapo Ukweli Mchungu amesema kitu, lazima nimpe haki yake.

#20 Wakili_wa_Wadi

Mimi ni muuguzi niliyeingia kwenye sheria, kwa hiyo nimezikaa pande zote mbili. Kuna jambo hamjalitaja: wauguzi wenyewe tunaandika kupita kinachodaiwa.

Chuoni tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Tukaimeza. Kwa hiyo mtu anaandika ukurasa mzima ili kesho akiitwa kujieleza awe na kinga. Kompyuta ikarahisisha: nakili maelezo ya jana, bandika leo, badilisha tarehe. Nimesoma majalada ambayo mgonjwa "ametembea vizuri mpaka msalani" siku mbili baada ya kukatwa mguu, kwa sababu sentensi imebandikwa tangu siku ya kulazwa. Ukisimama nayo mbele ya jopo, sentensi hiyo haikulindi. Inakuangusha na inaiangusha hata ile ya kweli iliyo chini yake.

Na hili si la kiteknolojia. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walichapisha makala wakilinganisha nchi zinazotumia programu ya kampuni ileile. Maelezo ya kliniki ya Marekani yalikuwa karibu mara nne ya urefu wa yale ya nchi nyingine. Waandishi waliielekeza lawama kwenye masharti ya malipo na kanuni za kwao.

#21 Sista_wa_Usiku

@Wakili_wa_Wadi nakushukuru, ila naomba nikubane. Nani alitufundisha hofu hiyo? Tukio likitokea, swali la kwanza la uongozi huwa "umeandika?" Sijawahi kusikia wakianza na "mgonjwa wako ulimkuta katika hali gani?" Muuguzi anajifunza haraka kipi kinamwokoa.

#22 Wakili_wa_Wadi

Hapo siwezi kukupinga.

#23 Mwanafunzi_Mwaka3

Habari zenu wakubwa. Swali: je, kuna mahali popote duniani walipoamua kupunguza badala ya kuongeza? Maana kila mtu anasema vinaongezeka.

#24 Takwimu_Kwanza

@Mwanafunzi_Mwaka3 wapo. Hawaii Pacific Health, wenye hospitali nne, mwaka 2017 walianzisha mpango wa kuwauliza wafanyakazi wote: ni kitu gani kwenye mfumo ni cha kipuuzi na kiondoke? Taarifa yake ilitoka kwenye jarida la New England Journal of Medicine 2018. Mambo waliyoletewa yanafanana na yetu kabisa. Muuguzi wa watoto wachanga alikuwa kila akimbadilisha mtoto nepi analazimika kubonyeza kwamba mtoto hawezi kuzuia mkojo. Mtoto mchanga! Muuguzi wa vijana balehe alikuwa anakuta mstari wa kukagua kitovu kilichokatwa. Ilibaki pale kwa sababu hakuna aliyeiondoa.

Kubwa zaidi lilikuwa kibonyezo cha kuthibitisha kila saa kwamba umempitia mgonjwa. Wakakiondoa. Walikadiria wameokoa takriban saa 1,700 za wauguzi kwa mwezi katika hospitali hizo nne. Kumpitia mgonjwa kulibaki palepale, kilichoondoka ni kibonyezo.

#25 Fundi_Mifumo

Saa 1,700 kwa kibonyezo kimoja. Hapo ndipo ninaposhindwa kuwaelewesha mabosi: wanaona sekunde chache, hawazizidishi kwa wagonjwa, kwa wauguzi, kwa saa 24.

#26 Mtafiti_Mpole

Habari. Nataka kuweka pingamizi ambalo halijaletwa, dhidi ya pande zote mbili.

Chuo Kikuu cha Columbia kuna watafiti walioanza kuangalia maandishi ya wauguzi kwa jicho jingine. Mwaka 2013 walichapisha kwamba wagonjwa waliokuja kufariki walikuwa na vipimo vingi zaidi ya ratiba na maoni mengi ya hiari kutoka kwa wauguzi wao katika saa 48 za mwisho. Muuguzi alishaona kitu. Hajawa na namba ya kumwonyesha daktari, lakini anarudi kumpima tena usiku wa manane, anaandika neno la ziada, anazuia dozi.

Wakatengeneza mfumo unaoitwa CONCERN, unaosoma mienendo hiyo tu ya wauguzi na kuwaonya madaktari. Jaribio lake lilichapishwa 2025, wagonjwa zaidi ya 60,000, na hatari ya kufa ilipungua kwa zaidi ya theluthi kwa wale waliofuatiliwa nao.

Kwa hiyo kuna maandishi ya muuguzi yanayookoa maisha. Ila angalieni ni yapi: yale ambayo hakulazimishwa. Lile neno la ziada. Tukimjaza muuguzi visanduku vya lazima mpaka asipate nafasi ya kuandika la hiari, tunapoteza hasa kile chenye thamani. Nami sikubaliani na wanaosema dawa ni kuandika kidogo tu. Swali ni muuguzi ameachiwa nafasi ya kuandika nini.

#27 Mama_Wawili

@Mtafiti_Mpole hili limenigusa. Kumbe yule sista anayerudi mara ya pili bila kuitwa, kompyuta inaweza kumsikiliza.

#28 Sindano_Salama

Nimeusoma ujumbe wa Mtafiti mara mbili. Ila naomba tahadhari: uongozi ukisikia hivyo, kesho watatuwekea "maoni ya hiari" yenye nyota nyekundu.

#29 Fundi_Mifumo

😂 Sindano umenivunja mbavu, na ninaamini litatokea.

#30 Zamu_ya_Pasaka

Mmesahau mfumo ukigoma. Mei 2021 huduma ya afya ya taifa ya Ireland ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni, kompyuta zikazimwa nchi nzima, hospitali zikarudi kwenye karatasi na ilichukua miezi kurejesha kila kitu. Wauguzi vijana ambao hawajawahi kujaza chati ya karatasi wanafanyaje siku hiyo?

Kwetu ukikatika kwa saa chache tu, tunaandika kwenye karatasi, halafu ukirudi tunaambiwa tuingize yote tena. Yaani hitilafu ya mfumo inalipwa na aliyemaliza zamu. Mara ngapi nimebaki baada ya makabidhiano kuingiza vya wakati wa hitilafu, bila malipo ya ziada, hata sihesabu.

#31 Metroni_Mstaafu

Kila wadi iwe na chati za karatasi kwenye droo na vijana wafundishwe kuzitumia. Hilo nalisema nikiwa mtetezi wa kompyuta.

#32 Chausiku88

Na hizi akili bandia zinazosikiliza mazungumzo na kuandika zenyewe? Si ndio mwisho wa mjadala? Sista anaongea na mgonjwa, mashine inaandika.

#33 Bonde_la_Mto

Chausiku, kazi ya daktari wa kliniki ni mazungumzo, kwa hiyo huko inasaidia. Yangu nyingi ni ya kimya. Namgeuza mgonjwa, naangalia kisigino, nabadilisha dripu, napima mkojo kwenye mfuko. Mashine itasikia nini? Labda nianze kutangaza kila ninachofanya kwa sauti, huku mgonjwa wa jirani anasikia habari za mwenzake.

#34 Mfamasia_Makini

Na majina ya dawa yanayofanana sauti? Mashine isikie moja iandike nyingine, nani atasaini? Mnaongeza kazi ya kuhakiki.

#35 Mtafiti_Mpole

Kifaa kinachopima na kutuma presha na oksijeni chenyewe kwenye mfumo kingempunguzia muuguzi zaidi ya hiyo mashine ya kusikiliza, na hicho kipo miaka mingi. Na mfumo unaojumlisha wenyewe alama za hatari ni msaada wa kweli. Kipimo cha NEWS2 cha Uingereza, kwa mfano, kinajumlisha upumuaji, oksijeni, presha, mapigo, fahamu na joto, na jumla ikifika 7 ni dharura. Kwa mkono saa kumi usiku hesabu hiyo hukosewa.

#36 Dk_Mlimani

Narudi palepale. Kifaa hicho kitanunuliwa, halafu mtaambiwa kwa kuwa muda umeokolewa, kila muuguzi aongezewe wagonjwa wawili.

#37 Sista_wa_Usiku

Dokta hofu yako ninayo pia. Lakini siwezi kusubiri ajira mpya ndipo nianze kuomba visanduku viondolewe. Wiki ijayo kikao cha wadi kipo. Nataka nipeleke vitu vichache vyenye ushahidi, si malalamiko. @Fundi_Mifumo nisaidie: nitathibitishaje kwamba kisanduku fulani hakisomwi na mtu?

#38 Fundi_Mifumo

Sista, mfumo unahifadhi kila anayeingia, amefungua ukurasa gani, saa ngapi, amekaa muda gani. Kumbukumbu hizo zipo kwa ajili ya usalama na kesi, lakini zinaweza kujibu swali lako. Andika kwa kitengo cha kompyuta kupitia metroni wako, usiombe majina ya wagonjwa wala ya watumishi. Omba vitu viwili tu: kila ukurasa wa kupokea mgonjwa unafunguliwa mara ngapi kwa ajili ya kusomwa baada ya kujazwa, na ni kada gani inaufungua. Chukua mwezi mmoja. Usianze na ngozi wala kuanguka, hizo zina wenyewe wakali. Anza na mali za mgonjwa na meno ya bandia.

#39 Wakili_wa_Wadi

Meno ya bandia usiyaguse Sista, mtu wa usingizi anayahitaji kabla ya upasuaji. Hamishia swali liulizwe siku ya upasuaji. Na mali za mgonjwa zina kesi nyingi kuliko mnavyodhani.

#40 Fundi_Mifumo

Mmeona? Kila kisanduku kina mwenyewe 😀

#41 Sista_wa_Usiku

Basi swali la meno lihamie fomu ya kabla ya upasuaji, la mali nitaliacha kwanza, na nitaanza na lile la kuthibitisha kila saa. Wengine leteni cha kwenu, kisanduku kimoja kila mtu, na useme nani anakisoma.

#42 Bonde_la_Mto

Cha kwangu: uzito wa mgonjwa. Unaombwa kurasa tatu tofauti na hazisomani. Famasia inasoma mmoja, lishe inasoma mwingine, wa tatu sijui.

#43 Mfamasia_Makini

Bonde, sisi tunasoma ule wa ukurasa wa dawa. Niambie hao wa lishe wanasoma upi, maana kama uzito umebadilika upande mmoja tu, dozi za watoto tunazihesabu vibaya.